Maswali na Majibu: Bia ya Kimea cha Punje na Daftari la Siku ya Kupika

Wengi walioandika safari hii wameacha kutumia sharubati ya kimea iliyokolezwa kiwandani, na sasa wanaanza na punje zenyewe za kimea, yaani nafaka iliyooteshwa kisha ikakaushwa: wanaziparaza, wanaziloweka katika maji ya moto ili wanga ugeuke sukari, wanachuja, wanachemsha pamoja na hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu), wanapoza, kisha wanatia chachu. Hatua hiyo inampa mpishi uhuru mkubwa, lakini inamwachia pia mambo mengi ambayo hapo awali kiwanda kilimfanyia, na ndiyo sababu karibu kila barua, hata ile iliyoanza kwa kuulizia ladha, iliishia kwenye suala la kumbukumbu. Nimeyafupisha maswali bila kubadili maana yake. Kabla ya kuyajibu, niseme tu kwamba sheria za kutengeneza pombe nyumbani hazifanani kila mahali, na kila msomaji anapaswa kuijua sheria ya kwake kabla ya kuwasha jiko.

SWALI: Ndugu Mhariri, nimepika mara mbili kwa mapishi yale yale: kilo 5 za kimea cha shayiri, hopsi zile zile, chachu ile ile. Mara ya kwanza haidromita ilisoma 1.052 kabla ya kutia chachu. Mara ya pili ilisoma 1.043. Katika daftari niliandika mapishi, tarehe na namba hizo mbili. Nimekosea wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, kwa kumbukumbu ulizonazo swali lako halina jibu, na nakuomba usilipokee hilo kama lawama, maana ndilo linaloonyesha daftari lako limepungukiwa na nini. Haidromita hupima densiti, yaani jinsi woti, yale maji matamu yaliyotoka kwenye kimea, yalivyo mazito yakilinganishwa na maji matupu. Inakueleza woti imekolea kiasi gani. Haikuelezi umepata sukari kiasi gani kwa jumla, kwa sababu hilo linategemea pia una lita ngapi, na lita hukuziandika.

Tuchukue tarakimu tatu za mwisho na kuziita pointi: 1.052 ni pointi 52, na 1.043 ni pointi 43. Ukizidisha pointi kwa lita, unapata namba inayowakilisha sukari yote iliyomo. Ikiwa mara ya kwanza ulipata lita 20, basi 52 mara 20 ni 1,040. Ikiwa mara ya pili ulipata lita 24, basi 43 mara 24 ni 1,032, na hapo hakuna kilichopotea: sukari ni ile ile, ila imegawanywa katika maji mengi zaidi, pengine kwa sababu moto ulikuwa mdogo au maji ya kusuuzia yalizidi. Lakini kama mara ya pili nayo ulipata lita 20, jumla ni 860 tu, na maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya sukari ilibaki kwenye machicha au haikutengenezwa kabisa. Hayo ni matatizo mawili yasiyo na uhusiano, na tiba ya moja haisaidii lingine. Anayechemsha kwa muda mrefu zaidi ili kuponya uparazaji mbaya atapata woti iliyokolea, lakini pia atapata bia chache.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya daftari, na kwangu ndiyo kubwa kuliko zote, ni kwamba densiti isiandikwe kamwe bila ujazo na joto pembeni yake. Joto lina sababu yake. Haidromita nyingi hutengenezwa zisome sawasawa kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, na kile kifaa chenyewe huwa kimeandikwa joto lake. Woti iliyo kwenye nyuzi 40 imetanuka, kwa hiyo haidromita huzama zaidi na kusoma takriban pointi 6 chini ya ukweli. Hapo 1.052 ya kweli itaonekana kama 1.046, na mpishi ataanza kuhangaika bure. Kwenye joto la juu zaidi masahihisho ya majedwali huwa hayaaminiki sana. Ni afadhali kuipoza sampuli ndogo hadi karibu nyuzi 20 ndipo uipime. Ujazo nao hutanuka: woti inayokaribia kuchemka huchukua nafasi iliyo kubwa kwa takriban asilimia 4 kuliko itakapopoa, hivyo lita 26 zilizosomwa sufuria ikiwa motoni ni lita 25 zikipoa.

Pima mara tatu. Mara ya kwanza ni baada ya kuchuja na kusuuza, kabla ya kuchemsha. Mara ya pili ni baada ya kuzima moto. Mara ya tatu ni woti ikiwa ndani ya chombo cha kuchachushia. Tuseme kabla ya kuchemsha una lita 26 zenye densiti ya 1.040, ujazo ukiwa umekwisha kusahihishwa kwa joto. Pointi 40 mara lita 26 ni 1,040. Ukichemsha kwa dakika 90 na zikabaki lita 20, hesabu inakuambia hata kabla ya kupima kwamba densiti inapaswa kuwa 1.052, kwa kuwa mvuke unaondoka na maji na kuiacha sukari. Haidromita ikikuonyesha namba iliyo mbali na hiyo, mojawapo ya vipimo vyako si sahihi, na ni vizuri kulijua hilo siku ile ile. Vilevile umepata kasi ya sufuria yako ya kupoteza maji, lita 4 kwa saa, namba ambayo itakufaa katika kila upishi utakaofuata maadamu unatumia sufuria hiyo na moto huo.

Kuhusu ufanisi, kimea cha kawaida cha shayiri kinaweza kutoa takriban pointi 300 kwa kila kilo katika lita moja ya maji. Kilo zako 5 zina uwezo wa pointi 1,500. Ukipata 1,040, umevuna asilimia 69. Ukipata 860, umevuna asilimia 57. Sipendi kuona wapishi wa nyumbani wakishindana kwa asilimia hizo, kwa sababu asilimia 69 inayojirudia kila mara ina manufaa kuliko 80 ya leo inayofuatwa na 62 ya kesho. Anayejua ufanisi wake haubadiliki anaweza kupanga mapishi yoyote na kupata bia aliyoikusudia.

Ikiwa hesabu itaonyesha kwamba kweli sukari ilipungua, anza kwa kuangalia uparazaji. Kimea kinatakiwa kipasuliwe, kisisagwe kuwa unga: kiini kivunjike vipande kadhaa na ganda libaki karibu zima, maana maganda ndiyo yanayounda chujio wakati wa kutoa woti. Kama unatumia mashine ya roda mbili, andika upana wa nafasi kati ya roda, ambao mara nyingi huwa karibu milimita 1, na uupime kwa kipimo chembamba cha bati badala ya kuukisia kwa jicho. Kama kimea kinakuja kimekwisha kuparazwa, andika tarehe uliyokipokea na uhifadhi konzi moja katika mfuko mdogo wenye namba ya upishi. Konzi hiyo inaeleza mengi kuliko sentensi, kwani unaweza kuiweka kando ya konzi ya upishi mwingine na kuona tofauti kwa macho.

Na ujazo wenyewe upimweje? Usitegemee alama zilizochapishwa kwenye ndoo. Mimina maji lita kwa lita katika sufuria yako, simamisha ufito au mwiko mrefu wa chuma katikati, na uchore alama kila baada ya lita mbili. Ni kazi ya alasiri moja na haihitaji kurudiwa.

SWALI: Je, daftari la karatasi lina faida yoyote leo, wakati kuna programu za simu zinazofanya hesabu zote?

JIBU: Programu hufanya hesabu vizuri kuliko mimi na wewe, nami nashauri itumike kabla ya siku ya kupika na baada yake. Lakini siku yenyewe mikono ina maji, mvuke umetanda, na mpishi anayelazimika kufuta kioo cha simu ndipo aandike joto atajiambia ataandika baadaye. Kinachoandikwa baadaye huwa kile kilichotarajiwa. Mapishi yakisema nyuzi 67, mtu aliyepata 65 na nusu atakumbuka jioni kwamba alipata 67 “hivi”, na ile nusu ya habari iliyokuwa na thamani imetoweka.

Ndiyo maana naupendelea ukurasa uliopigwa mstari katikati kutoka juu hadi chini: kushoto yaliyopangwa, kulia yaliyotokea. Upande wa kushoto hujazwa siku moja kabla, wa kulia hujazwa kwa kalamu ya risasi papo hapo, saa ikiandikwa mbele ya kila tukio. Saa zina umuhimu kuliko watu wanavyodhani. Ukiona kwamba woti ilichukua dakika 70 kupoa kutoka kwenye mchemko hadi nyuzi 20, ilhali upishi uliotangulia ilichukua 25, umepata sababu inayowezekana ya ukungu katika bia na ya uchungu uliozidi, kwani hopsi zilizotiwa mwishoni ziliendelea kutoa uchungu woti ikiwa bado na moto. Ukikosea namba, ikate kwa mstari mmoja ili iendelee kusomeka, kisha andika iliyo sahihi pembeni. Namba iliyofutwa kabisa wakati mwingine ndiyo iliyokuwa ya kweli.

Uache nafasi tupu chini ya ukurasa. Bia itaendelea kukuletea habari kwa wiki nyingi, na ukurasa uliojazwa hadi ukingoni siku ya kwanza hauna mahali pa kuzipokea. Kila kundi la bia lipewe namba moja, na namba hiyo hiyo iandikwe kwenye chombo cha kuchachushia na kwenye kila kizibo.

SWALI: Mapishi yananitaka niloweke kimea kwenye nyuzi 67, lakini kipimajoto kinaonyesha 69 katikati ya sufuria na 64 pembeni. Niandike ipi? Na je, tofauti ya nyuzi mbili tatu ina madhara?

JIBU: Ina madhara, na ni vyema kuyafahamu kabla ya kuzungumzia kipimajoto. Ndani ya kimea kuna vimeng'enya viwili vikuu vinavyoukata wanga. Beta-amilesi hupendelea joto la nyuzi 60 hadi 65. Hukata mnyororo wa wanga kutoka mwishoni na kutoa maltosi, sukari ambayo chachu huila yote. Alfa-amilesi hufanya kazi vyema zaidi kati ya nyuzi 68 na 72. Hukata popote katika mnyororo na kuacha vipande vingi vikubwa ambavyo chachu ya kawaida haiwezi kuvila. Joto lipandapo, beta-amilesi huharibika upesi. Kwa hiyo aliyeloweka kwenye nyuzi 64 atapata bia nyepesi na kavu, na aliyeloweka kwenye 69 atapata bia nzito zaidi mdomoni na yenye utamu uliobaki, hata kama densiti ya mwanzo ililingana. Sufuria yako, kwa hali uliyoieleza, inapika bia mbili kwa wakati mmoja.

Dawa ya kwanza ni kukoroga rojo la kimea kwa dakika mbili au tatu, kwa utaratibu, hadi chini kabisa, huku ukivunja madonge, kisha kupima mahali patatu. Zikikaribiana, andika wastani. Zikiendelea kuachana, andika zote tatu, kwa sababu tofauti yenyewe ni habari. Funika sufuria na uizungushie blanketi, halafu upime tena mwishoni mwa ile saa moja. Namba mbili, ya mwanzo na ya mwisho, ndizo zinazohitajika. Anayefungua kifuniko kila baada ya dakika tano anapoteza joto lile lile analotaka kulilinda. Kimea cha siku hizi hugeuza sehemu kubwa ya wanga mapema, kwa hiyo kama ulianza chini sana na ukapandisha joto baada ya nusu saa, bia yako itafuata zaidi joto la mwanzo kuliko la mwisho.

Ili kulipata joto unalotaka tangu mwanzo, maji lazima yawe na moto zaidi ya shabaha yako, kwa kuwa kimea baridi kitayapoza. Hesabu yake ni rahisi. Gawanya 0.41 kwa idadi ya lita za maji kwa kila kilo ya kimea; zidisha jibu kwa tofauti kati ya joto unalolitaka na joto la kimea; kisha ongeza joto unalolitaka. Kwa lita 3 kwa kilo, kimea kikiwa nyuzi 22 na shabaha ikiwa 67, jibu linakuwa takriban nyuzi 73. Hesabu hii haijui sufuria yako ni ya chuma kizito au ndoo ya plastiki, nayo sufuria hunywa joto pia. Hapo ndipo daftari linapoizidi kanuni: ukiandika kila mara joto la kimea, la maji na lile lililopatikana baada ya kukoroga, baada ya mapishi machache utaona kwamba sufuria yako hukuangusha kwa kiasi kile kile karibu kila mara, na utaongeza kiasi hicho juu ya hesabu.

Kipimajoto chenyewe nacho kipimwe. Kitie katika barafu iliyopondwa na kuchanganywa na maji kidogo, kisome 0. Kitie katika maji yanayochemka, kisome 100 ikiwa uko usawa wa bahari, na takriban nyuzi 1 pungufu kwa kila mita 300 za mwinuko. Kama kinaachana na hizo, andika tofauti kwenye jalada la ndani la daftari pamoja na tarehe, na ulirudie jaribio hilo baada ya kila miezi kadhaa au kila kinapoanguka.

SWALI: Bia yangu ilianza 1.052, ikashuka hadi 1.020, na imekaa hapo siku tatu. Povu limelala. Naweza kuitia kwenye chupa?

JIBU: Bado. Chupa ya kioo inayopasuka hurusha vipande vyenye uwezo wa kumtoa mtu jicho, na hatari hiyo huzaliwa katika hali kama yako. Ikiwa bia hiyo ilikusudiwa ifike 1.012, sukari iliyosalia ni zaidi ya gramu 15 kwa kila lita. Kwa kutia gesi chupani watu huongeza gramu 5 hadi 7 tu kwa lita. Chachu ikiamka ndani ya chupa na kuila ile iliyosalia pamoja na uliyoiongeza, shinikizo litapita mbali uwezo wa chupa.

Kwanza niambie umepima kwa kifaa gani. Kama umetumia refraktomita, ile inayotumia tone moja na mwanga, namba yako haifai kutumiwa ilivyo, kwa sababu alkoholi hupinda mwanga kwa namna yake na kukifanya kifaa kisome juu ya ukweli. Huenda bia imemaliza kazi yake siku nyingi. Tumia haidromita, na kabla ya kupima tikisa sampuli mpaka gesi itoke, maana viputo vinavyoshikamana na kifaa hukiinua.

Kama haidromita nayo inasoma 1.020, rudi kwenye ukurasa wako. Uliloweka kimea kwa nyuzi ngapi? Ukikuta 70 au 71, basi pengine 1.020 ndio mwisho wa bia hiyo na hakuna ugonjwa wa kutibiwa. Ukikuta 65, ugonjwa upo kwenye chachu: ilikuwa ya zamani, au chache, au chumba kilipoa usiku, au woti haikupata hewa ya kutosha kabla ya kutiwa chachu. Kipashe chombo joto polepole hadi nyuzi 20 au 21, kizungushe taratibu bila kukitikisa ili kuinua chachu iliyolala kwenye mashapo, na usubiri.

Kwa siku zijazo nakupendekezea jaribio ambalo wapishi wa viwandani hulitegemea na wa nyumbani hulisahau. Siku ya kupika, chukua glasi moja ya woti iliyopozwa, weka katika chupa safi, tia chachu nyingi kupita kiasi, iache mahali penye joto kidogo kuliko bia yenyewe, na uitikise kila upitapo. Baada ya siku mbili au tatu itakuwa imekwisha kabisa. Pima densiti yake, andika, mwaga. Namba hiyo ndiyo kikomo cha chini ambacho kundi zima linaweza kukifikia, na mpishi aliyeiandika habaki akijiuliza kama bia imekwama au imemaliza. Bia ikikifikia kikomo hicho, na ikasoma namba ile ile mara mbili zilizopishana kwa siku mbili au tatu, iko tayari kwa chupa.

Kiasi cha alkoholi, ambacho kimeulizwa katika barua nyingine pia, hukadiriwa kwa kutoa densiti ya mwisho kwenye ya mwanzo na kuzidisha kwa 131. Kutoka 1.052 hadi 1.012 ni asilimia 5.2 hivi.

SWALI: Je, ni lazima niandike habari za maji? Natumia ya bomba.

JIBU: Andika chanzo chake na kama uliyatibu. Maji ya bomba yakiwa na klorini yanaweza kuipa bia harufu ya dawa ya hospitalini, kwa sababu klorini huungana na fenoli za kimea. Kidonge kimoja cha metabisalfaiti, chumvi inayoiondoa klorini, kikipondwa hutosha lita 75 hivi na hufanya kazi kwa dakika chache; kuyaacha maji wazi usiku kucha huondoa klorini ya kawaida, lakini haiondoi kloramini, dawa nyingine ya kusafishia maji. Kama unacho kipimo cha pH, yaani cha kiwango cha asidi, pima rojo dakika kumi baada ya kukoroga, sampuli ikiwa imepozwa, na utafute kati ya 5.2 na 5.6. Skeli hiyo ya pH yenyewe ilitungwa mwaka 1909 na S. P. L. Sørensen katika maabara ya kampuni ya bia ya Carlsberg, Copenhagen, nyumba ile ile ambako mwaka 1883 Emil Christian Hansen alifanikiwa kuotesha chachu safi kutokana na seli moja. Kwa asiye na kipimo, mambo mengine ya daftari yana haki ya kutangulia.

SWALI: Namba naziandika vizuri, lakini ninapofika kwenye ladha naandika “nzuri” au “si mbaya sana”. Nifanyeje ili maandishi yangu ya ladha yawe na maana mwaka ujao?

JIBU: Andika unachokisikia kabla ya kuandika unavyokipenda. “Nzuri” ni hukumu, nayo hubadilika na njaa, uchovu na kundi la watu uliokaa nao. “Inanukia siagi” ni ushahidi, na ushahidi unaelekeza mahali: harufu ya siagi mara nyingi ni dayasetili, ambayo chachu huitengeneza na kisha kuifyonza tena ikipewa siku chache zaidi, harufu ya tufaha bichi ni asetaldehidi, dalili ya bia iliyoondolewa kwenye chachu mapema, harufu ya mahindi ya kuchemsha hutokana na kimea cheupe kilichochemshwa kwa muda mfupi au kwa sufuria iliyofunikwa, ladha ya karatasi iliyolowa huja bia ilipokutana na hewa baada ya kuchachuka. Mpangilio uwe ule ule kila mara: rangi na povu, harufu, ladha ya mwanzo, uchungu, uzito mdomoni, kinachobaki baada ya kumeza. Onja chupa moja baada ya wiki mbili, nyingine baada ya mwezi, nyingine baada ya miezi miwili, kwa sababu bia ya wiki ya pili na ya wiki ya nane huweza kuwa kama ndugu wasiofanana.

Jambo la pili ni gumu zaidi, nalo linahusu kujidanganya. Mpishi aliyebadili kitu, tuseme amepandisha joto la kuloweka kwa nyuzi 2, anapoonja tayari anajua alichokibadili, na ulimi wake utakiona hata kama hakipo. Hapa wapishi wana bahati ya kurithi kazi ya mtu wa fani yao. William Sealy Gosset, aliyeajiriwa na kampuni ya Guinness mjini Dublin mwaka 1899, alikabiliwa na swali lako kwa sura ya kiwanda: ukiwa na vipimo vichache tu vya shayiri au vya bia, utajuaje kwamba tofauti unayoiona ni ya kweli na si bahati nasibu? Jibu lake alilichapisha mwaka 1908 kwa jina la kupanga “Student”, na jaribio lililotokana na makala hiyo linatumiwa hadi leo katika tiba, kilimo na kila sayansi inayopima vitu vichache.

Nyumbani huhitaji hesabu zake zote. Unahitaji glasi tatu kwa kila mwonjaji: mbili zina bia moja, ya tatu ina bia nyingine, na mwonjaji anaombwa aitaje iliyo tofauti. Anayebahatisha ana nafasi moja kati ya tatu ya kupatia. Watu sita wakionja kila mmoja peke yake bila kuambiana, na wote wakiwa wanabahatisha tu, bado kuna uwezekano wa karibu asilimia 10 kwamba wanne au zaidi watapatia, kwa hiyo wanne kati ya sita si ushahidi wa kutosha. Watano au zaidi kati ya sita hutokea kwa bahati chini ya mara 2 katika 100, na hapo una haki ya kuandika kwamba badiliko lako linasikika. Wale tu waliopatia ndio waulizwe wanapendelea ipi. Maoni ya wengine kuhusu tofauti ambayo hawakuisikia yasiingizwe katika daftari.

Ili jaribio hilo lifae, makundi mawili ya bia yawe yametofautiana kwa jambo moja pekee. Ukibadili joto la kuloweka na aina ya chachu katika upishi mmoja, waonjaji wote sita wanaweza kupatia na bado usijue ni badiliko lipi walilolisikia. Na asiyezijua glasi awe ndiye anayezigawa: mtu mmoja ajaze na kuandika alama chini ya kitako cha kila glasi, mwingine azipeleke mezani, na glasi zisigeuzwe mpaka majibu yote yawe yameandikwa.